Bjarne Riis: alikiri dawa, lakini kiti cha mkubwa wa ekipe hakukiacha

Mwezi wa tisa mwaka 2025, mashindano ya dunia ya kinga, ao baiskeli, yalifanyika Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza yafike barani Afrika. Huku Kivu kuna waliofuata kila siku kwenye simu, na kuna wengine ambao, juu ya vita na yote yanayoendelea kati ya nchi hizi mbili, walikataa kuangalia hata dakika moja. Kila mtu na haki yake. Lakini wale wanaopenda mchezo huu, wanaofuata pia Tour de France kila mwezi wa saba, wanajua picha hii: waendesha kinga wako mbele wanatoka jasho, nyuma yao kunakuja mstari wa magari yenye kubeba kinga zingine juu. Ndani ya gari kunakaa mtu mzima, mara nyingi amepita miaka 40, anayeamua nani aende mbele, nani amungoje mwenzake, nani achote maji.

Ule mtu alitoka wapi? Mara nyingi ni mkimbiaji wa zamani. Na si mara moja wala mbili, ni mkimbiaji wa zamani aliyetumia dawa za kuongeza nguvu. Alexandre Vinokourov wa Kazakhstan alikamatwa mu Tour de France ya 2007 kwa kujiongezea damu ya mtu mwingine. Akafungiwa, akarudi, akapata medali ya zahabu kwenye michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, kisha akawa mkubwa wa ekipe ya Astana. Huyo ni mmoja tu. Mwenye historia ndefu zaidi, na yenye kufundisha zaidi juu ya namna mchezo huu unavyoendeshwa, ni Bjarne Riis wa Denmark. Na historia yake ilipita mpaka kwenye ekipe ya Afrika.

Mchota maji akawa mfalme

Riis alizaliwa mwaka 1964 mu mji wa Herning. Kwa miaka mingi hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mchota maji, yaani yule kijana anayerudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa, anayekata upepo mbele ya kiongozi wake ili yule asichoke. Mwaka 1989 alikuwa akimtumikia Mfaransa Laurent Fignon, yule aliyepoteza Tour de France kwa sekunde 8 tu. Kazi ya mchota maji ni ya heshima, lakini hakuna anayemtegemea ashinde kitu.

Basi watu walishangaa kumuona anapanda ngazi akiwa tayari amepita umri ambao wengi huanza kushuka. Mwaka 1993 alikuwa wa 5 mu Tour. Mwaka 1995 akawa wa 3. Mwaka 1996, akiwa na miaka 32, mu ekipe ya Wajerumani ya Telekom, akashinda Tour yenyewe. Alimwangusha Miguel Indurain wa Uhispania aliyekuwa ameshinda mara 5 mfululizo. Hakuna mtu wa Denmark aliyekuwa amefanya hivyo mbele yake.

Siku inayokumbukwa zaidi ni ile ya mlima wa Hautacam. Riis alikuwa mbele na wakubwa wengine. Akapunguza mwendo, akarudi nyuma kidogo, akawaangalia mmoja mmoja usoni sawa vile mtu anayepita kwenye soko akichagua nyanya. Kisha akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Siku ile watu walipiga makofi. Leo wakiangalia video ileile wanatikisa kichwa.

Wenzake walikuwa na jina la utani kwa ajili yake: Bwana 60 kwa mia. Ili kuelewa jina hilo, lazima kuongea kidogo juu ya damu.

Damu nzito

Mu damu ya mtu kuna chembe nyekundu zinazobeba oksijeni mpaka kwenye nyama za miguu. Kwa mwanaume mwenye afya, chembe hizo ni kama sehemu 40 mpaka 50 kwa mia ya damu yake. Mwili wenyewe unatengeneza kitu kinachoitwa EPO, kinachotoka zaidi kwenye figo, kinachoamuru chembe zingine zizaliwe. Madokta walijua kutengeneza EPO kwenye kiwanda kwa kusaidia wagonjwa wa figo wenye kukosa damu. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi.

Lakini ukiichoma mtu ambaye ni mzima, chembe zinaongezeka kupita kiasi, oksijeni inakuwa nyingi, na mlima uliokuwa unamuua unakuwa kama barabara ya lami. Bei yake ni kwamba damu inakuwa nzito. Inaweza kuganda, na moyo unateseka kuisukuma, zaidi usiku wakati mtu amelala na moyo unaenda polepole. Kwa hiyo, kumuita mtu Bwana 60 kwa mia ni kusema damu yake ilikuwa imegeuka uji.

Mwaka 1996 hakuna maabara iliyoweza kuona EPO ya kiwanda mu mkojo. Mwaka 1997 shirikisho la dunia, UCI, likaweka kikomo cha 50 kwa mia: anayepita anapumzishwa siku 15, eti kwa sababu ya afya yake. Hawakuita wizi. Matokeo yake ni rahisi kukisia: wale waliotaka kuendelea walijua sasa mpaka ni wapi, wakajipima wenyewe kila asubuhi wabakie chini kidogo ya 50. Kipimo cha kuona EPO yenyewe kilikuja tu karibu na mwaka 2000.

Mwaka 1998 forodha ya Ufaransa ikakamata gari la ekipe ya Festina limejaa dawa, na dunia ikajua kwamba si mtu mmoja, ni mchezo wote. Mwaka 1999 Riis akaanguka vibaya na kuumia. Akaacha kukimbia.

Hakuacha mchezo. Akachukua ekipe ndogo ya kwao Denmark na kuanza kuijenga.

Meneja mwenye kipaji

Hapa lazima kusema ukweli wote: kama meneja, Riis alikuwa na akili. Ekipe ile, iliyojulikana zaidi kwa jina la CSC, ikawa moja ya zile kubwa kabisa za dunia. Alichukua wakimbiaji ambao wengine waliwaona wamekwisha, kama Mfaransa Laurent Jalabert, akawapa maisha mapya. Alimuita askari wa zamani wa kikosi maalum cha Denmark awapeleke vijana porini, walale kwenye baridi, wabebane, wajifunze kutegemeana. Wakati huo watu walicheka. Baadaye ekipe nyingi zikaiga. Fabian Cancellara wa Uswisi alishinda Paris-Roubaix ya 2006 akiwa na CSC, na Stuart O'Grady wa Australia akashinda ya 2007. Mwaka 2008 Carlos Sastre wa Uhispania akaleta Tour de France yenyewe.

Lakini ukifuata majina ya wale waliopita mu mikono yake, unakutana na kitu kingine. Tyler Hamilton, Mmarekani, alikimbia Tour ya 2003 na mfupa wa bega umevunjika, akawa wa 4. Dunia ikamuita shujaa. Mwaka uliofuata, akiwa ameshahamia ekipe nyingine, akakamatwa kwa damu ya mtu mwingine, na mu kitabu chake cha 2012 akaandika kwamba Riis njo aliyemuonyesha njia ya kwenda kwa dokta Eufemiano Fuentes wa Uhispania. Riis alikana. Ivan Basso wa Italia alishinda Giro ya 2006 na CSC, na wiki chache nyuma akarudishwa nyumbani siku moja mbele ya Tour kuanza, kwa sababu jina lake lilikuwa linatajwa mu faili ya yule yule dokta Fuentes. Mwishowe Basso akafungiwa miaka 2.

Mara moja ni bahati mbaya. Mara mbili, tatu, watu wanaanza kuangalia mwenye nyumba.

Tarehe 25 mwezi wa tano 2007

Mu siku chache za mwezi wa tano 2007, ukuta wa ekipe ya zamani ya Telekom ulianguka. Wakimbiaji wake wa zamani walianza kukiri mmoja nyuma ya mwingine. Tarehe 24, Erik Zabel na Rolf Aldag waliketi mbele ya waandishi habari wakasema walitumia EPO. Zabel alilia. Kesho yake, tarehe 25, ikawa zamu ya Riis.

Hakulia. Alisema alitumia EPO kuanzia 1993 mpaka 1998, pamoja na dawa zingine. Alikubali kwamba hakustahili ushindi wa 1996. Juu ya jezi ya manjano, alisema iko kwake mu sanduku la karatasi, na anayeitaka anaweza kuja kuichukua.

Wengi walimsifu siku ile. Mtu mzima, mwenye jina, amesimama mbele ya kamera na kusema nilidanganya: si jambo la kila siku, na huku kwetu wakubwa wanaofanya hivyo mtu angewahesabu kwenye vidole vya mkono mmoja na vidole vingine vibakie. Waandaaji wa Tour waliondoa jina lake kwenye orodha ya washindi. Mwaka uliofuata wakalirudisha, wakaweka alama ya kueleza kwamba alikiri dawa. Jezi ile UCI hawakuweza kumpokonya kisheria. Kwa nini?

Hapa kalenda inasema kitu ambacho machozi hayawezi kusema. Sheria ya wakati ule ya kupambana na dawa ilikuwa inatoa miaka 8. Kosa likipita miaka 8 bila mtu kushitakiwa, halina tena azabu. Riis alisema mara yake ya mwisho ilikuwa 1998. Ongeza 8, unafika 2006. Yeye alikiri 2007. Maana yake, siku aliyofungua mdomo, hakuna aliyeweza kumfanya kitu. Hakupoteza ushindi mu sheria, hakupoteza ekipe, hakufungiwa hata siku moja. Alikosa tu kuonekana mu Tour ya mwaka ule, na ni yeye mwenyewe aliyeamua asiende.

Hii haimaanishi kwamba alikiri kwa hila. Nani anajua moyo wa mtu. Lakini anayepima uzito wa maungamo lazima aulize pia bei aliyolipa yule anayeungama.

Na kuna jambo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Riis aliongea juu ya Riis mkimbiaji. Juu ya Riis meneja, yaani juu ya yale aliyoyaona, aliyoyajua ao aliyoyaacha yapite mu ekipe yake kuanzia 2000, siku ile hakusema kitu.

Yule aliyesema yote

Wiki chache tu nyuma ya Riis, mwaka ule ule wa 2007, Mjerumani Jörg Jaksche aliongea na gazeti la Der Spiegel. Jaksche hakuwa mtu mdogo: mwaka 2004 alikuwa ameshinda Paris-Nice akiwa mu ekipe ya Riis. Yeye hakujisemea peke yake. Alieleza namna mambo yalivyokuwa yanapangwa, ekipe kwa ekipe, na wakubwa walijua nini.

Alifungiwa mwaka mmoja. Muda ule ulipokwisha, alitafuta ekipe. Hakuna iliyomfungulia mlango. Kazi yake ya kinga ilikufa pale.

Weka watu hawa wawili pamoja. Mmoja alikiri makosa ya zamani, yaliyokwisha muda, yanayomuhusu yeye tu: akabaki mkubwa. Mwingine alikiri makosa ya juzi, akataja na mfumo wote: akakosa kazi. Kijana wa miaka 20 anayeingia mu mchezo huu, akiangalia wawili hawa, anajifunza nini? Hakuna haja ya mtu kumueleza.

Wanaomtetea Riis wana neno lao, na neno hilo si la kutupa. Wanasema mwisho wa 2006, mbele hata ya kukiri, alimleta dokta Rasmus Damsgaard apime damu na mkojo wa wakimbiaji wa CSC mara kwa mara, kazi ambayo ekipe nyingi hazikuwa nayo. Wanasema pia mwizi aliyeacha wizi anajua mlango gani unafunguka usiku, kwa hiyo anaweza kuwa mlinzi mzuri. Inawezekana. Lakini mlinzi wa namna hiyo kwanza anaonyesha mlango. Riis hakuuonyesha.

Mwezi wa sita 2015, shirika la Denmark la kupambana na dawa likatoa ripoti yake kisha kuhoji watu wengi kwa muda mrefu. Ripoti ilisema kwamba, akiwa meneja, Riis alijua kwamba kuna wakimbiaji wake wanaotumia dawa, na hakuingilia kati. Azabu? Hakuna. Muda wa sheria, tena, ulikuwa umepita.

Wakati ule alikuwa tayari amepoteza ekipe kwa sababu nyingine kabisa: franka. Mwisho wa 2013 alikuwa ameiuzisha kwa tajiri wa Urusi, Oleg Tinkov, akabaki kama meneja wa kulipwa. Wawili hawakusikilizana. Mwezi wa tatu 2015 Tinkov alimsimamisha, akaondoka. Angalia vizuri: miaka ya dawa haikumuondoa mu kiti. Bosi asiyeridhika na matokeo njo alimuondoa.

Kwa nini mlango unafunguliwa tena

Mtu wa mpira anaweza kushangaa. TP Mazembe inaweza kuuza tiketi, ina uwanja wake, inaweza kuuza mchezaji. Ekipe ya kinga haina hata kimoja. Barabara ni ya wote, anayetaka kuangalia anasimama pembeni ya barabara bila kulipa. Franka za televisheni zinaenda kwa mwenye kupanga mashindano, si kwa ekipe. Kwa hiyo ekipe inaishi kwa kuuza jina lake: mwaka huu inaitwa benki fulani, mwaka kesho inaitwa kampuni ya simu. Siku mfadhili anaondoka, ekipe inakufa, hata kama jana ilishinda.

Basi kazi ya kwanza ya meneja si kufundisha mtu kupanda mlima. Ni kutafuta mfadhili na kumuonyesha kwamba franka zake ziko salama mu mikono ya mtu anayejulikana. Na ni nani anajulikana? Wale walioshinda zamani. Na nani alishinda zamani, mu miaka ile ya 1990? Hapo njo jibu. Mchezo huu haukuwarudisha watu kama Riis kwa sababu uliwasamehe. Uliwarudisha kwa sababu namba zao za simu zilikuwa za maana.

Ndivyo alivyofika kwenye ekipe ya Afrika.

Ekipe ya Afrika inamuita

Ekipe hii ilianzia Afrika Kusini, kiongozi wake Doug Ryder. Ilikimbia pamoja na shirika la Qhubeka, jina linalomaanisha kusonga mbele, linalowapa kinga wanafunzi na wakaaji wa vijijini wanaozipata kwa kufanya kazi ya faida kwa wote kama kupanda miti. Huko Kivu, ambapo mtoto anaweza kutembea saa mbili mbele ya kufika shule, mtu anaelewa haraka kinga moja inabadilisha nini.

Mwaka 2015, ikiitwa MTN-Qhubeka, ekipe hii ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kuingia mu Tour de France. Ilipanga Waafrika 5. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea akavaa jezi nyeupe yenye madoa mekundu, ile ya mfalme wa milima. Hakuna Mwafrika aliyekuwa ameivaa mbele yake. Tarehe 18 mwezi wa saba, siku ya Mandela, Mwingereza Steve Cummings akaipa ushindi mu mji wa Mende. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa furaha. Kisha ushindi ukapungua, jina likabadilika na wafadhili, Dimension Data, halafu NTT, na kila mwaka swali lilikuwa lile lile: mwaka kesho tuko ao hatuko?

Mwezi wa kwanza 2020 wakatangaza kwamba kampuni ya Riis na washirika wake wa Denmark inachukua sehemu moja ya tatu ya ekipe, na kwamba Riis njo meneja mpya. Wengi hawakuamini. Ekipe iliyouzwa kwa dunia kama ekipe ya moyo safi, ya kinga kwa mtoto wa shule, inampa usukani Bwana 60 kwa mia?

Lakini ukiangalia franka, si ajabu. Ryder alihitaji mtu wa kuleta ujuzi na wafadhili. Riis alihitaji mlango wa kurudi mu mchezo mkubwa kisha miaka 5 nje. Kila mmoja alikuwa na kitu mwenzake anakosa. Kuhusu wakimbiaji wenyewe, wale waliokuwa na mkataba wa kinga na si wa kampuni, hawakuwa mezani wakati wa kuamua.

Matokeo hayakuwa mabaya. Korona ilisimamisha mashindano mwezi wa tatu mpaka karibu mwezi wa nane. Yalipoanza tena, Giacomo Nizzolo wa Italia akawa bingwa wa Ulaya. Mwezi wa kumi, Ben O'Connor wa Australia akashinda siku moja ya Giro mu milima ya Madonna di Campiglio. Hakuna harufu ya dawa iliyosikika mu ekipe mwaka ule.

Lakini mfadhili mpya hakuja. NTT ikasema haitaendelea, na mbele mwaka haujaisha Riis na watu wake wakaondoka. Wakimbiaji wakaanza kutafuta kazi kwa haraka, mu mwaka ambao ekipe zingine pia zilikuwa zinakaza mkanda. Wenye jina kubwa walipata. O'Connor alienda kwa Wafaransa wa AG2R. Ryder aliokoa kipande cha ekipe kwa msaada wa kampuni ya mavazi ya Uswisi, Assos, wakakimbia mwaka mmoja zaidi kwa jina la Qhubeka.

Aliyebaki humo ni Nicholas Dlamini, kijana wa Cape Town. Mwisho wa 2019, wakati mambo ya Riis yalikuwa yanapangwa, walinzi wa mbuga ya Table Mountain walimvunja mkono walipomkamata akiwa kwenye mazoezi, wakidai hakulipa tiketi ya kuingia. Alirudi kwenye kinga. Mwaka 2021 akawa mtu mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kukimbia Tour de France.

Tarehe 4 mwezi wa saba 2021, siku ya 9 ya Tour ile, walipanda mpaka Tignes mu mvua na baridi. Aliyefika wa kwanza, peke yake, alikuwa Ben O'Connor. Dlamini alikuwa ameanguka njiani. Gari lilikuwa pembeni, mlango wazi, angeweza kupanda. Alikataa. Alifika zaidi ya saa moja nyuma ya mwenzake wa mwaka uliopita, nje ya muda unaokubaliwa, kwa hiyo Tour yake iliishia pale. Mwisho wa mwaka ekipe ilikosa mfadhili tena, na mara hii ikafungwa.

Mu orodha ya Tour de France, kwenye mstari wa 1996, bado kumeandikwa Bjarne Riis.